Granada kwa mfuko mdogo: kula na kulala kwa saa za wenyeji

Kila anayeniuliza aende mji gani Uhispania kwa siku mbili tatu bila kumaliza mshahara, jibu langu ni Granada. Barcelona ina bahari, Madrid ina makumbusho yake, lakini Granada ukiingia baa ukaagiza kinywaji, hata soda, unaletewa na sahani ndogo ya chakula isiyodaiwa, wenyewe huiita *tapa*. Si ofa ya msimu wala mtego wa watalii. Wenyeji wenyewe wanakula hivyo kila jioni. Halafu ni mji wa wanafunzi, chuo kikuu chao kipo tangu 1531, na mitaa yenye wanafunzi wengi huwa na chakula cha bei ya mtu wa kawaida.

Mimi natoka Tanga, naishi Ujerumani, nguruwe sili na pombe sinywi. Nayataja mapema kwa sababu wenzangu wengi wanaiogopa Uhispania kwa ajili ya hayo mawili, wakidhani watashindia mkate na chipsi. Utakula vizuri sana, ilimradi ujue namna ya kuagiza.

Kinachoamua utatumia kiasi gani ni saa. Granada hawali chakula cha mchana saa sita, wanakula saa nane au saa tisa. Cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu. Ukitoka na njaa saa kumi na mbili jioni, majiko ya wenyeji yamefungwa, na yaliyo wazi ni yale yenye picha kubwa za paella, ule wali wa Kihispania, mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono uingie. Paella yenyewe si chakula cha Granada, asili yake ni Valencia. Kwenye mikahawa hiyo ndipo euro zinapokatika. Ukikubali kufuata saa zao tangu siku ya kwanza, nusu ya kazi ya kubana matumizi imekwisha.

Tiketi ya Alhambra kwanza, chumba baadaye

Wengi wanaanza na ndege, kisha chumba, halafu wanakumbuka Alhambra, ile ngome ya majumba ya kifalme iliyo kilimani juu ya mji, na kukuta tiketi zimekwisha. Anza na Alhambra. Kuyaona majumba ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri, yaani sehemu ile ya nakshi na mabwawa inayopigwa picha na kila mtu, lazima uwe na tiketi yenye saa yako ya kuingia, imeandikwa jina lako na namba ya pasipoti. Majira ya kuchipua tiketi huisha wiki kadhaa kabla. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra yenyewe. Tiketi kamili ni euro 20 hivi. Ipo ya bei ndogo zaidi inayokupa bustani za Generalife na ngome ya Alcazaba bila majumba, na ipo ya usiku. Ukipata kamili, chukua hiyo. Katika safari nzima, hapa ndipo mahali ambapo sibani hata senti.

Chagua saa ya asubuhi, saa tatu au saa nne. Utazunguka bila jua kali, na ikifika saa nane mchana umeshashuka mjini, wakati chakula kizuri cha bei ndogo kinapoanza kupakuliwa. Anayechukua saa nane mchana anakuwa ndani ya bustani wakati mji wote unakula, na akitoka anakuta majiko yamefungwa. Beba pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Kutoka lango kuu la tiketi hadi mlango wa majumba ni mwendo wa kutosha, kwa hiyo fika mapema.

Ukishapata siku ya Alhambra ndipo upange usiku wa kulala. Jumapili hadi Alhamisi vyumba huwa nafuu, Ijumaa na Jumamosi bei hupanda. Kwepa Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, wiki ya sikukuu ya Corpus Christi, na zile wikendi ndefu za Wahispania ambazo sikukuu imeangukia Alhamisi au Jumanne.

Usafiri nitaupita haraka. Ndege za bei ndogo kutoka Ulaya nyingi hutua Málaga, si Granada. Palepale uwanja wa Málaga pana basi la ALSA la moja kwa moja hadi Granada, mwendo wa saa mbili na kitu. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla kwa sababu hujaa. Kituo cha mabasi cha Granada kiko nje kidogo ya katikati. Panda basi la mjini namba 33 likushushe Gran Vía karibu na kanisa kuu, nauli ni euro moja na ushee. Teksi huihitaji, labda ukifika usiku wa manane au una mzee.

Kulala

Kwenye matangazo ya vyumba utakutana na *hostel* na *hostal*, nazo ni nyumba mbili tofauti. Ya kwanza ni ya vijana, vitanda vya kupandiana, watu sita au wanane chumba kimoja, kitanda kimoja kati ya euro 18 na 30. Ya pili ni gesti: nyumba ndogo, mara nyingi ya familia, ghorofa ya kwanza au ya pili juu ya duka, chumba chako na ufunguo wako. Mlangoni kuna kibao cha bluu chenye herufi H na s ndogo, au P kama ni pensión, daraja la chini kidogo. Mkiwa wawili, gesti inawalipa kuliko hosteli: chumba cha euro 45 hadi 60 mkigawana kinakuwa bei ya kitanda, na mnalala bila kusikiliza mikoromo ya wageni.

Mtaa ninaoupenda ni Cuesta de Gomérez, ule mlima unaotoka Plaza Nueva kwenda Alhambra. Una gesti kadhaa, na asubuhi unatoka mlangoni unapanda kwa miguu kupitia Puerta de las Granadas, chini ya miti, maji yakitiririka mferejini pembeni, bila kulipa nauli. Realejo nayo ni nzuri, ina maduka ya kawaida na baa za wakazi. Sehemu za Plaza de la Trinidad ni tambarare, zinafaa kwa mwenye magoti mabovu. Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani wenye nyumba nyeupe, ndio unaopendeza kuliko yote kwa macho, lakini vichochoro vyake ni vya mawe na ngazi, gari nyingi haziruhusiwi kupita, na sanduku la magurudumu huko ni mateso. Nenda ukatembee Albaicín jioni, ulale bondeni.

Gesti niliyolala Gomérez ilikuwa ghorofa ya pili. Unabonyeza kengele barabarani, mlango unalia, unapanda ngazi za vigae vilivyolika katikati kwa miaka ya miguu. Mama mwenye nyumba alikuwa kavaa aproni, akatuandikisha pasipoti zetu (sheria inawalazimu, usishangae), akatupa ufunguo wenye kipande kizito cha shaba, kisha akatuonyesha dirisha. Pale kila dirisha lina pazia la mbao au plastiki la kuteremsha kwa kamba. Mchana wa joto lishushe kabisa, usiku lipandishe, chumba kitakaa na ubaridi bila kiyoyozi. Alituuliza tunataka chumba cha barabarani au cha ndani. Cha ndani kinatazama ua mdogo wa katikati ya jengo: giza kidogo, bei chini kidogo, kimya kabisa. Cha barabarani kina mwanga na watu wakiongea hadi saa nane usiku. Mimi huchukua cha ndani kila mara.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa. Granada iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa milima ya Sierra Nevada yenye theluji, na usiku wa Januari baridi hukaribia kuganda. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi uliza *calefacción*, joto la chumbani, na kama linawashwa usiku au saa chache tu. Julai na Agosti mchana hufika nyuzi 38, uliza *aire acondicionado*. Choo na bafu la kushirikiana hupunguza bei, na kwenye gesti ndogo yenye vyumba vichache sioni shida yoyote.

Kifungua kinywa cha hoteli kikatae. Watakuomba euro 8 au 10 kwa kitu utakachokipata nje kwa 3. Na nyumba za kukodi za mtandaoni zifikirie mara mbili kwa safari fupi, maana ada ya usafi hulipwa mara moja hata ukilala usiku mmoja, na ukiigawa kwa siku mbili bei ya usiku inapanda sana. Zinafaa familia ya watu wanne au watano inayotaka jiko.

Asubuhi

Ingia mkahawa wowote uliojaa wafanyakazi wanaosoma gazeti au kuongea kwa sauti. Agiza *media tostada con tomate* na *café con leche*. Utaletewa nusu ya mkate uliochomwa mpaka ukawa mgumu juu na laini ndani, bakuli la nyanya zilizoparuzwa, na chupa ya mafuta ya zeituni imekaa kaunta. Mwaga mafuta kwanza, yaingie kwenye mkate, ndipo uweke nyanya, ndipo chumvi. Usione haya kuyamwaga mafuta: mikoa ya Andalusia, jimbo la kusini lenye Granada, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zeituni za Uhispania, na hapa hayana ubahili. Yote pamoja euro 3 hivi. Mwenye njaa kubwa aseme *entera*, ataletewa mkate mzima.

Ukitamani kitu kitamu, Café Fútbol pale Plaza Mariana Pineda ipo tangu 1922 na inauza churros, vijiti vya unga vya kukaanga, na chokoleti nzito ya kuchovya. Gawaneni sahani moja, inashibisha.

Saa nane mchana

Mlo mkubwa wa siku uwe huu. Tafuta ubao wa chaki ulioandikwa *menú del día*. Mfumo huu ulitokana na miaka ya 1960, wakati serikali ya dikteta Franco ilipoiamuru mikahawa iwe na mlo kamili wa bei moja kwa ajili ya watalii, na wafanyakazi wa nchi yenyewe wakaupokea ukawa wao. Kwa euro 12 hadi 15 unapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Bei ni ya siku za kazi. Wikendi hupanda au haupo kabisa.

Usile kwenye viwanja vikubwa. Ingia mitaa miwili mitatu ndani, hasa upande wa Plaza de la Trinidad kulikojaa wanafunzi, au shuka Camino de Ronda. Kama ubao ni wa mkono, chakula kimebadilika leo, na ndani kuna watu wenye sare za kazi, kaa.

Mimi huchagua hivi: ya kwanza gazpacho, supu baridi ya mboga na nyanya, au saladi, ya pili samaki, mara nyingi hake, samaki wa nyama nyeupe, au chewa. Kwenye supu na dengu kuwa makini, soseji ya nguruwe hutumbukizwa humo kama viungo. Salmorejo, ile supu baridi ya nyanya na mkate, hunyunyiziwa vipande vya nyama kavu ya nguruwe juu yake. Sema *sin jamón* na utaletewa na yai peke yake. Kusema wewe hauli nyama hakutoshi, kwa sababu wahudumu wengi hawaihesabu jamón wala samaki wa kopo kuwa nyama. Taja kitu chenyewe kwa jina: *no como cerdo, ni jamón, ni chorizo*. Wanaelewa, na sijaona anayekunja uso.

Wanaokula nyama ya kuchinjwa kiislamu tu, kuku wa menyu hii hamtakuwa na uhakika naye. Chukueni samaki, au pandeni Calle Calderería Nueva na Calle Elvira, kulikojaa mikahawa ya Wamoroko na Waarabu wengine: tajini, kuskusi, shawarma ya euro chache ya kula ukitembea. Nyumba za chai za hapo zina mito na taa za rangi, na chai ya nanaa huletwa kwenye birika.

Maji usinunue. Ya bomba la Granada ni matamu kweli, na sheria ya 2022 inaitaka mikahawa ikupe maji ya bomba bure ukiomba *agua del grifo*. Tembea na chupa, kwenye chemchemi za Albaicín utajaza.

Usiku

Hapa ndipo Granada inapowazidi wenzake. Sevilla sahani ndogo unalipia, Málaga unalipia, Madrid mara nyingi utapata zeituni chache. Granada, kama ilivyo Jaén na Almería jirani zake, kila kinywaji kinakuja na chakula.

Baa ya pale utakuta bibi, mjukuu kwenye kigari, na babu amesimama na glasi yake. Kama unaogopa neno baa, liondoe moyoni. Kinywaji changu ni *mosto*, maji ya zabibu yasiyochachushwa, huletwa kwenye glasi fupi yenye barafu. Kama hawana, soda au juisi. Chai na kahawa kwa kawaida haziji na chakula. Bei ni kati ya euro 2.50 na 3.50.

Nilimpeleka mdogo wangu Los Diamantes, ile ya Calle Navas iliyopo tangu 1942, ambako kazi yao ni samaki wa kukaanga. Tuliingia saa mbili na nusu, tukasimama kaunta bega kwa bega na watu, mafuta yakichemka nyuma ya vioo. Tukaagiza mosto mbili. Haikupita dakika, mhudumu akasukuma sahani mbele yetu bila kusema neno: boquerones, wadogo kama dagaa wa Tanga walionenepa, wamepakwa unga mwembamba, wametolewa sasa hivi, kipande cha limau pembeni. Mdogo wangu akanivuta mkono.

"Dada, hii hatujaagiza."

"Imekuja na kinywaji chako. Kula kingali moto."

Unamshika mkiani, unamla mzima, mifupa haiumi. Glasi ya pili ikaja na sahani tofauti, ngisi wa vikata. Kwenye baa nyingi jiko lina mpango wake, sahani ya kwanza, ya pili na ya tatu hazifanani, kwa hiyo ya kwanza ikiwa nzuri baki hapohapo. Ikiwa ni kipande cha mkate kilichochoka, lipa uondoke, ya jirani iko hatua kumi.

Ombi la nguruwe litoe wakati uleule wa kuagiza kinywaji, *la tapa sin cerdo, por favor*, kabla jiko halijakupangia. Ukiona miguu ya nguruwe imening'inia darini safu kwa safu, baa hiyo sahani zake nyingi ni za aina hiyo, pita. Uliza biringanya za kukaanga zenye asali ya miwa, *berenjenas con miel*, ni chakula cha Andalusia ambacho ningekila kila siku. Hizo mara nyingi zimo kwenye menyu ya kulipia. Na hapa angalia: chochote unachokisoma kwenye menyu, *ración* (sahani kamili) au *media ración* (nusu yake), kinadaiwa. Cha bure ni kile kinachokuja chenyewe. Kusimama kaunta ni nafuu, meza za nje baadhi ya baa zina bei yake.

Vinywaji vitatu mimi hunitosha chakula cha usiku, yaani euro 9 hivi. Jumlisha: nusu ya chumba 27, asubuhi 3, mchana 14, usiku 9. Ongeza nauli na chai ya nanaa, siku moja haifiki euro 60, na hujalala na njaa.

Kabla ya kushuka kula, panda Albaicín jua likielekea kuzama. Kwenye Mirador de San Nicolás, uwanja wa kutazamia mandhari, watu hujaa, lakini pembeni yake kabisa upo Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa 2003, zaidi ya miaka 500 tangu mji uliposalimishwa na Waislamu kwa malkia Isabel na mfalme Fernando, Wakristo, mwezi Januari 1492. Bustani yake hupokea wageni bila kiingilio na inatazamana na Alhambra ana kwa ana. Mimi husali magharibi pale nikipata nafasi, kisha nateremka polepole, na nikifika bondeni baa ndiyo kwanza zinafungua majiko.

Kuhusu vitamu vya kubeba nyumbani: *piononos*, vikeki vidogo vilivyokunjwa na krimu iliyounguzwa juu, asili yake mji wa Santa Fe jirani, vina ladha lakini havivumilii safari. *Mantecados* na *polvorones* zinavumilia, ila hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Soma boksi, ukiona *manteca de cerdo* rudisha.

Siku ya kuondoka gesti nyingi zitakuwekea mzigo bure hadi jioni, omba tu. Chakula cha njiani kinunue supamaketi, Mercadona au Covirán, ushirika uliozaliwa Granada hapohapo: mkate, jibini ya kondoo, nyanya, machungwa, haifiki euro 6 kwa watu wawili. Kama unaondoka Jumapili, vinunue Jumamosi kabla ya saa tatu usiku, maana Jumapili supamaketi nyingi zimefungwa na utabaki na bei za kituo cha mabasi.